Zilipendwa za David Bowie: Nani Aliyezipenda?

Kuna neno moja nimekuwa nikilitafuna wiki hizi tatu: zilipendwa. Liseme mbele ya mtu yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi, ataelewa papo hapo: muziki wa zamani, magitaa, tarumbeta, Jumapili mchana redio iko dirishani. Lakini hebu lisome tena polepole, kama unavyosoma neno ndani ya shairi. Zi-li-pendwa. Nyimbo zilipendwa, sawa. Na nani? Neno halisemi. Aliyependa kafichwa ndani ya kauli ya kutendwa, katulia tuli.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili limenikaa kooni. Mwaka huu nimepewa kazi ya kuchagua mashairi ya marehemu mwalimu wangu wa Kiswahili. Ameacha kaunta buku mbili, mashairi mia mbili na kitu. Nafasi iliyopo ni ya mashairi arobaini. Binti yake, ambaye kwangu ni dada, alinipa agizo moja tu: "Kaka, weka yale watu wanayoyajua." Yaani yale yaliyosomwa redioni, ya harusi, ya misiba, lile la shule ambalo wilaya nzima inalikariri. Ni ombi la haki kabisa. Tatizo ni kwamba nilipofungua daftari nikakuta pembeni mwa baadhi ya mashairi mwalimu kachora nyota ndogo kwa kalamu nyekundu. Nyota thelathini na moja. Katika yale yanayojulikana, yenye nyota ni manne tu.

Basi nikafunga daftari, nikafanya ninachofanya kila ninaposhindwa kuamua. Nikaweka muziki. Nikajikuta nasikiliza, kwa mpangilio na kwa makusudi, makusanyo ya nyimbo bora za David Bowie. Simjui mwanamuziki mwingine wa roki, wa kusimama peke yake, aliyekusanywa mara nyingi na kwa namna tofauti kiasi hiki: kakusanywa na kampuni, kajikusanya mwenyewe, na amekusanywa tena akiwa kaburini. Ukitaka kujua mkusanyiko hufanya nini kwa kazi ya mtu, yeye ni darasa tosha.

Wahakiki wengi huyapita makusanyo haya kama watu wanavyopita duka la zawadi uwanja wa ndege. Husema: hii si albamu, ni biashara. Mimi naona ni uvivu. Mkusanyiko ni usomaji. Aliyechagua amesoma kazi nzima, kisha akatuambia, bila kuandika sentensi hata moja, anadhani inahusu nini. Diwani ya Muyaka tunayoisoma leo, iliyotoka mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, nayo ilipita kwenye mikono ya watu: Mwalimu Sikujua na William Taylor walioyakusanya mashairi, kisha Hichens aliyeyapanga. Hakuna anayesema ile si kitabu kwa sababu Muyaka hakuipanga mwenyewe. Kwa hiyo napendekeza tuwaulize wakusanyaji wa nyimbo maswali yale yale tunayowauliza wahariri wa diwani. Nani kachagua, na kwa nini? Je, ukianza mwanzo hadi mwisho, kinasimama kama kitu kimoja? Na kilichoachwa nje, kuachwa kwake kunatudanganya kuhusu nini?

Tuanze na ya kwanza inayostahili kusimamishwa: Changesonebowie, ya mwaka 1976, kutoka kampuni ya RCA. Bowie alikuwa na miaka 29. Nyimbo kumi na moja, santuri moja, mpangilio unaofuata miaka kwa sehemu kubwa: inaanza na "Space Oddity" ya 1969, inaishia na "Golden Years" ya 1975. Kwa juujuu ni orodha ya vibao. Ichunguze uone. Wimbo "Changes", uliozaa jina la santuri, ulipotolewa kama singo mwanzoni mwa 1972 haukufika popote Uingereza. "Suffragette City" ulikuwa upande wa pili wa singo ya "Starman". Na hiyo "Starman" yenyewe, wimbo uliomwingiza Bowie kwenye sebule za Waingereza mwaka 1972 na kufika namba 10 kwenye chati, haimo! "Life on Mars?", iliyofika namba 3 mwaka 1973, nayo haimo.

Sasa hapo tuulizane. Mkusanyiko wa vibao unaoacha kibao halisi na kuchukua wimbo wa upande wa pili, unakusanya nini? Jibu langu: unasimulia hadithi. Kijana mwenye gitaa la mbao anaimba kuhusu mwanaanga aliyepotea. Anavaa rangi na kelele. Anaivua ile rangi, anahamia Marekani, na mwisho wa santuri anaimba funki, kavaa suti, kana kwamba yule wa mwanzo ni binamu yake wa mbali. Kila wimbo upo kwa sababu unausukuma huo mwendo. Ndiyo maana, miaka karibu hamsini baadaye, bado ndiyo ninayoisikiliza bila kuruka wimbo. Tena imefanya jambo la ajabu: baadhi ya nyimbo hizi zimekuwa maarufu kwa sababu ziliwekwa humu. Tunadhani mkusanyiko huorodhesha vilivyopendwa. Mara nyingi ndio unaotufundisha cha kupenda.

Linganisha na mdogo wake, Changestwobowie ya 1981. Nyimbo kumi, kampuni ile ile, na muda si mrefu baadaye Bowie akahamia EMI. Hapa "Starman" imepata nafasi, lakini mpangilio wa miaka umevurugika: 1973, inarudi 1971, inakwenda 1972, 1974, halafu inaruka hadi 1980. Ni mfuko wa mabaki ya sokoni jioni. Kosa lake kubwa kwangu ni hili. Katika "Ashes to Ashes" Bowie anamrudia yule mwanaanga wa "Space Oddity" na kutuonyesha alivyoishia. Ni mmoja wa mirejeo mizuri kabisa katika muziki wa roki, mwandishi anayefungua kaburi la mhusika wake wa kwanza. Lakini "Space Oddity" iko kwenye santuri nyingine. Umepewa sura ya mwisho, sura ya kwanza inauzwa kando.

Na "Heroes" haimo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Ukikusanya santuri hizo mbili za RCA pamoja huupati wimbo ambao leo ukitaja Bowie mtu anauvumisha mdomoni. Kabla hatujacheka, tukumbuke kwamba singo hiyo mwaka 1977 iliishia namba 24 Uingereza, na Marekani haikuingia kabisa katika nyimbo mia za juu. Mwaka 1981, kwa hesabu ya duka, haikuwa zilipendwa. Ilikuja kupendwa baadaye, polepole, kwa kuimbwa jukwaani, Live Aid ya 1985 ikiwemo. Huu ndio upofu wa kila mkusanyaji anayetumia hesabu ya leo: hesabu inaweza kumwambia nini kimeshapendwa, haiwezi kumwambia nini kitapendwa. Namkumbuka mwalimu hapa, na yale mashairi yenye nyota ambayo hakuna redio iliyowahi kuyasoma.

Ile ya 1990, Changesbowie, ndiyo iliyonipotosha mimi binafsi, kwa hiyo hukumu yangu ina kinyongo kidogo, nisameheni. CD yake niliazimwa na jamaa aliyerudi kutoka masomoni, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa Bowie wangu wote. Nyimbo kumi na nane. Nusu ya kwanza ni ile ile ya 1976, ila "Fame" imeondolewa na mahali pake pamewekwa toleo jipya lililochanganywa upya, "Fame '90". Fikiria mhariri anayechapisha diwani ya mshairi, akafika kwenye shairi maarufu, akaweka badala yake toleo alilolirekebisha wiki iliyopita. Wimbo wa 1975, uliotungwa na Bowie, Carlos Alomar na John Lennon, unazungumzia umaarufu kwa uchungu wa mtu aliye ndani yake. Toleo la 1990 linazungumzia vifaa vya studio vya 1990.

Halafu CD inashuka mteremko: "Let's Dance", "China Girl", "Modern Love", "Blue Jean". Nyimbo nzuri za kucheza, sizikatai. Lakini kipindi kizima cha Berlin, albamu tatu zilizobadilisha namna watu wanavyofikiria sauti, kimewakilishwa na "Heroes" pekee. Hakuna hata wimbo mmoja wa Low kwenye CD ile. Nilimaliza kuisikiliza nikiwa na hakika kwamba nimemaliza habari ya Bowie: mtu mtanashati, mjanja, mwenye midundo. Nikaendelea na mambo mengine. Ilinichukua miaka kugundua kwamba nilisimama kwenye veranda nikidhani nimeingia ndani. Mkusanyiko mbaya si ule wenye nyimbo mbaya. Ni ule unaokufanya uone umeshiba kabla hujala.

Mwaka ule ule Bowie alikuwa katika ziara aliyoiita Sound+Vision, na alitangaza kwamba baada yake vibao vya zamani ataviweka kando. Hakulitimiza neno hilo kikamilifu, alivirudia baadaye. Ila linatuonyesha mtu aliyeona zilipendwa zake zimeanza kumfunga.

Best of Bowie ya 2002 nitaipita haraka, maana cha kujifunza humo ni kimoja. Ilitolewa ikiwa na orodha tofauti kwa nchi tofauti: wa nchi hii kapata nyimbo hizi, jirani yake kapata zile. Angalau ina ukweli ndani yake. Inakiri kwamba "bora" hutegemea umesimama wapi.

Sasa tufike kwenye ile inayostahili kahawa ya pili: Nothing Has Changed, Novemba 2014. Jina lenyewe ni mzaha. Baada ya Changes tatu, hii inadai hakuna kilichobadilika, na maneno yenyewe yametoka kwenye "Sunday", wimbo unaofungua albamu yake ya Heathen ya 2002. Toleo la CD tatu lina nyimbo 59, zimepangwa kinyumenyume. Unaanza na "Sue (Or in a Season of Crime)", wimbo mpya wa wakati huo, jazi nzito aliyoifanya na okestra ya Maria Schneider. Unakwenda nyuma, albamu kwa albamu, mpaka unaishia na "Liza Jane" ya 1964, kijana wa miaka 17 anayejiita Davie Jones akipiga kelele na bendi ya King Bees.

Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilidhani ni kiini macho. Sivyo. Makusanyo mengi ya watu waliozeeka yana huzuni isiyosemwa: vitamu vyote viko mwanzoni, halafu unavumilia. Hapa mzee ndiye anayekufungulia mlango. Unalazimika kumsikiliza Bowie wa miaka ya 2000 na ya tisini, mtu ambaye wakusanyaji wote waliotangulia walimchukulia kama kiambatisho, na unagundua ana mambo ya kusema. Kisha vile vibao unavyovijua vinapofika, vinafika kama kumbukumbu, si kama kilele. Na ule wimbo wa mwisho, mchanga, usio na ustadi wowote wa kutisha, unakuacha na swali zuri kuliko jibu: hivi huyu mtoto alijuaje anakokwenda? Hakujua. Ndiyo raha yake.

Nina malalamiko mawili. Kwanza, bendi yake ya Tin Machine, kuanzia 1988 hadi 1992, imefutwa kabisa. Natambua ile ilikuwa bendi, si kazi ya peke yake, na wengi hawaipendi. Lakini mkusanyiko wenye nyimbo 59 na jina linalodai hakuna kilichobadilika hauna haki ya kuruka miaka hiyo bila hata wimbo mmoja. Pili, toleo la CD mbili limerudi kwenye mpangilio wa kawaida, la zamani kwanza. Maana yake mwenye pesa kidogo kauziwa hoja nyingine kabisa kwa jina lile lile. Kama mpangilio ndio wazo la kitabu, huwezi kuugeuza katika toleo la bei nafuu ukasema ni kitabu kile kile.

Bowie alifariki tarehe 10 Januari 2016, siku mbili baada ya kutoa Blackstar. Novemba mwaka ule ikatoka Legacy. Toleo fupi, nyimbo ishirini, linaanza na "Let's Dance". Mimi naliita mkusanyiko wa matanga. Siku za msiba hakuna anayetaka kusikia habari ngumu za marehemu. Tunasema alikuwa mcheshi, alipenda watu. "Under Pressure" ipo, ile aliyoimba na Queen, sauti yake ikipokezana na ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. "Life on Mars?" ipo, kwa mchanganyo mpya. Yote mazuri, na yote yamepangwa ili asiwepo wa kukunja uso. Toleo la CD mbili lina ukweli zaidi, maana linamalizia na "I Can't Give Everything Away", wimbo wa mwisho wa albamu ya mwisho. Mtu asiyejua kitu akifika hapo atauliza nini kilitokea. Mkusanyiko unaomfanya mgeni aulize umefanya kazi yake.

Nimebakiza mmoja, na ndio ulionirudisha kwenye kaunta buku za mwalimu. Mwaka 2008 gazeti moja la Jumapili la Uingereza, The Mail on Sunday, liligawa bure CD iliyoitwa iSelect. Nyimbo kumi na mbili, Bowie kazichagua mwenyewe na kuandika maelezo ya kila wimbo. Hebu tazama: "Life on Mars?" ipo. Baada ya hapo, mtu wa CD yangu ya 1990 angepotea njia. Kachagua "The Bewlay Brothers". Kachagua "Win", "Teenage Wildlife", "Lady Grinning Soul", na ule mnyororo mrefu wa "Sweet Thing" kutoka Diamond Dogs. Kachukua nyimbo mbili za Lodger ya 1979, albamu ambayo wakusanyaji wengine huichota kwa kijiko cha chai. Hakuna "Changes". Hakuna "Heroes". Hakuna "Let's Dance". Nyota nyekundu za Bowie.

Je, iSelect ndiyo bora basi, kwa kuwa mwenye mali kachagua? Nilitaka kusema ndiyo. Siwezi. Ukimpa mtu asiyemjua Bowie CD hiyo, atasikia mtu mwerevu anayezungumza na nafsi yake. Ni zawadi kwa walio ndani tayari. Msanii anapenda pale alipohangaika, wimbo uliomgharimu. Msikilizaji anapenda pale alipoguswa. Mara nyingine ni mahali pamoja, mara nyingi sivyo, na hakuna mwenye haki peke yake.

Kuna wimbo mmoja wa kunipima mimi mwenyewe. Kwenye hiyo hiyo Lodger upo "African Night Flight", alioutunga na Brian Eno. Ulitokana na safari yake ya Kenya, na marubani wa zamani wa Ujerumani aliowakuta kwenye baa za Mombasa. Ndani yake kuna maneno ya Kiswahili, salamu na shukrani. Haumo kwenye mkusanyiko wowote niliouzungumzia hapa, hata ule wa mwenyewe. Nilipougundua moyo uliruka: nasi tumo! Nikataka kuandika makala nzima ya kulalamika kwamba tumeachwa nje. Nikausikiliza tena mara tatu. Ni wimbo wa vurugu, wa kuvutia, na Kiswahili chake ni cha mgeni aliyekaa hotelini. Kama ningekuwa mkusanyaji ningeuacha nje, na ningekuwa sahihi. Lakini nimefurahi kwamba niliutafuta hadi nikaufikia. Mkusanyiko mzuri hauwezi kubeba kila kitu. Unaweza tu kukuachia hamu ya kwenda kutafuta.

Kwa anayetaka hukumu fupi: anza na Changesonebowie, kwa sababu ina hadithi na haikuchoshi. Kisha chukua Nothing Has Changed, ya CD tatu, kinyumenyume, bila kuruka. iSelect iache mpaka uwe na ugomvi wako mwenyewe na Bowie. Ile CD ya 1990 mpe mtu unayetaka asikusumbue tena.

Na mwalimu? Jana usiku nimefungua daftari tena. Nimempigia dada, nikamwambia lile shairi la shule litakuwemo, na la harusi litakuwemo, watu wakifungua kitabu wasijione wageni. Lakini yatafuatana na yenye nyota, moja kwa moja, ili aliyekuja kwa kile anachokijua ageuze ukurasa akutane na asichokijua. Kimya kidogo kwenye simu. Kisha akauliza: "Nyota gani, kaka?" Hakuwahi kuziona. Jumamosi ninampelekea daftari, tukae tuyasome pamoja.